Ephraim Barasa, Aliyewapigia Waingereza Simu

Mchungaji, mama yetu mpendwa, shemeji yangu Chebet na watoto, wazee wa ukoo, mheshimiwa wetu wa wadi, na ninyi nyote mliotoka karibu na mbali mkaja kutushika mkono leo Jumamosi, tarehe 5 Aprili 2025, hapa nyumbani kwetu Kamukuywa, mimi ni Roselyne, dada yake marehemu anayemfuata kwa kuzaliwa, na nimepewa kazi ya kuwasomea maisha yake kwa sababu katika familia hii ni mimi peke yangu niliyekuwa naye kule Arabuni, ingawa hayo maneno "kuwa naye" nitaomba muyasikilize vizuri tutakapoyafikia.

Karatasi mlizogawiwa langoni, ukurasa wa tatu, zinasema kwamba marehemu alifariki akiwa amezungukwa na ndugu na marafiki. Baba mdogo Protus aliandika hivyo kwa nia njema, maana ndivyo karatasi hizi zinavyoandikwa siku zote, lakini si kweli, na mama anajua si kweli, kwa kuwa tangu jeneza liliposhushwa uwanja wa ndege wa Eldoret ameniuliza swali moja tu, ameniuliza pale langoni, akaniuliza jikoni, akaniuliza tukiwa tumelala kitanda kimoja naye hapati usingizi: "Alikuwa na nani?" Nimekuwa nikimjibu, "Ngoja, mama," kwa sababu jibu lenyewe lina aibu yangu ndani yake. Nitalijibu leo mbele yenu, mahali pake katika mpangilio, na wazee wanisamehe.

Marehemu Ephraim Barasa Makokha alizaliwa tarehe 14 Machi 1983 hapa Kamukuywa, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa marehemu mzee Simeon Makokha na mama Dinah Nekesa, akaitwa Barasa kwa kuwa siku hiyo chifu alikuwa na baraza uwanjani na baba aliitwa kutoka huko kuja kumwona mwanawe. Sisi wadogo zake tulimtania kwamba kwake baraza halikuwahi kuisha, kwani alipoanza tu kusema alikuwa akimwuliza kila mgeni anaonaje mambo, kisha anakaa kimya kabisa kusubiri jibu, tabia ambayo watoto wengi hawana, na watu wazima wengi pia.

Alisoma Shule ya Msingi ya Mukhweya kuanzia mwaka 1990, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1997, akajiunga na sekondari ya huko huko mwaka 1998 na kumaliza mwaka 2001, akiwa wa pili katika somo la Kiingereza, jambo ambalo baba alilisimulia kwa kila aliyesimama kwenye kivuli cha nyumba hii. Baadaye alikwenda Nairobi, akasoma stashahada ya mawasiliano, akahitimu Novemba 2006, na tangu Februari 2008 alifanya kazi katika kituo cha kupokea simu za wateja, ambako alipendwa kwa sauti yake, sauti ya chini isiyokuwa na haraka.

Tarehe 12 Desemba 2009, katika kanisa letu la hapa, alifunga ndoa na Chebet, binti wa Kapsokwony, na Mungu akawajalia watoto wawili, Alvin aliyezaliwa tarehe 3 Juni 2011, na Jael aliyezaliwa tarehe 27 Oktoba 2015. Alvin, Jael, baba yenu aliwapigia simu kila siku aliyopata mtandao, nanyi mkamwambia mpo sawa, naye akaridhika kuliko mnavyodhani.

Mwaka 2016 baba yetu aliugua ghafla, tukamkimbiza zahanati ya hapa chini, ile iliyozinduliwa kwa utepe na hotuba ndefu, tukaikuta imefungwa kwa kufuli kwa kukosa muuguzi, na kabla ya kupata gari la kumpeleka mbele zaidi akawa ameondoka. Sitasema ni nani aliyekata utepe huo, leo si siku yake, ila naliweka hapa kwa sababu Ephraim alilibeba jambo hilo mpaka Riyadh, na huko ndiko lilikomtoka mdomoni.

Kituo cha Nairobi kilipofungwa, marehemu alipata mkataba Saudi Arabia, akasafiri tarehe 9 Septemba 2021, akaanza kazi mjini Riyadh katika kampuni iliyochukua tenda kutoka London ya kuwapigia simu wananchi wa Uingereza na kuwauliza maoni yao. Najua wengi wenu mliambiwa ni kazi ya ofisi, nayo ilikuwa ya ofisi, lakini kazi yenyewe ilikuwa hii: kuvaa visikizi, kusubiri kompyuta ichague namba, na kusoma maswali thelathini na manne kama yalivyoandikwa, pasipo kuongeza neno wala kupunguza, kama mtu anataka kodi ipande ili huduma za umma ziongezwe, au ishuke hata kama huduma zitapungua, fedha za serikali ziende hospitali au barabara au jeshi, na wanasiasa wanaaminika kiasi gani, kutoka moja, siwaamini hata kidogo, mpaka tano, nawaamini kabisa, kisha unaandika namba na kumpigia mwingine.

Alipewa zamu ya mchana, na mchana wanaopatikana nyumbani Uingereza ni wazee, wagonjwa na wasio na kazi, kwa hiyo kaka yangu aliijua nchi ile kwa sauti za watu waliokaa peke yao vyumbani. Siku nilizokuwa na simu alinisimulia, na hizo ndizo nyakati nilizomsikia akicheka: mzee mmoja wa Leeds alitaka matumizi ya serikali yakatwe kila mahali, isipokuwa kliniki anakotibiwa miguu, basi la bure la wazee, na shimo lililo mbele ya lango lake, ambalo lizibwe kesho asubuhi, mama mmoja wa Cardiff alikuwa tayari kulipa kodi zaidi hata siku hiyohiyo, mradi mtu amwoneshe kwa kidole inakoingia, na mwanamume mmoja aliposikia tu neno mwanasiasa alianza kucheka, akacheka mpaka simu ikakatika, na Ephraim hakujua kicheko kile akiandikie namba gani. "Rose," aliniambia, "hawa watu ni sisi kabisa, tofauti yao na sisi ni kwamba wao wanasema mtu akiwa anaandika."

Lakini nisiwadanganye kwamba alikuwa na furaha. Alikaa mtaa wa Batha, katika chumba cha watu sita wenye zamu tofauti, hata akayajua mashuka yao kuliko sura zao, na kwa muda wa miezi kumi na minne hakuna mtu Riyadh aliyemwuliza swali lolote lisilohusu zamu au ikama, yaani kibali cha kuishi, yeye ambaye kwa siku moja aliuliza mamia ya maswali. Mimi nilikuwa Jeddah, mfanyakazi wa ndani, nikilala nyumbani kwa madam na kuamka nyumbani kwa madam, na kati ya Jeddah na Riyadh ni mwendo wa siku nzima kwa basi, hivyo tulikuwa nchi moja kwa jina tu.

Jumanne tarehe 15 Novemba 2022, saa nane mchana kwa saa za Riyadh, kompyuta ilimchagulia namba ya Bi Audrey, mjane wa Sunderland, wakati huo akiwa na umri wa miaka sabini na minane. Alijibu maswali ya kodi vizuri, kwa ukali kidogo, mpaka alipofikia swali la kumi na tisa, linalouliza kama wanasiasa wenyewe hufuata kanuni wanazowawekea raia, hapo akasema kwamba mumewe alifia hospitalini Aprili 2020 wakati wa ule ugonjwa, kanuni zikamkataza asiingie wodini naye akatii, muuguzi akamshikia mzee simu sikioni kwa dakika chache, simu ikakatika, na alipopatikana tena mtu wa kuipokea mzee hakuwepo. Na baadaye akasoma gazetini kwamba miezi hiyohiyo waliozitunga kanuni walikuwa wakikutana na kunywa ofisini mwao. Akamwambia Ephraim aandike namba yoyote anayotaka.

Kanuni ya kazi inasema kwamba ukifikia hapo unasema asante kwa jibu lako, unasoma swali la ishirini. Sasa ninyi ni watu wa hapa, nawauliza, mtu akuambie kuna kifo, wewe usome swali la ishirini? Ephraim alisema pole. Alilisema kwa Kiswahili kwa sababu ndivyo lilivyomtoka, naye Bi Audrey akamwuliza neno hilo lina maana gani, akamweleza, na yule mama akauliza ametokea wapi, akamwambia, halafu akamwuliza jambo ambalo maelfu waliotangulia hawakuwahi kumwuliza: "Na ninyi huko kwenu, mnawaamini?" Muulizaji haruhusiwi kujibu. Kaka yangu alijibu, akasimulia zahanati na kufuli na baba, na simu iliyopaswa kuchukua dakika kumi na nane ikachukua arobaini na moja.

Hilo peke yake lingesameheka, onyo moja na basi. Msimamizi wake Morgan, kijana wa Nakuru, alisikiliza rekodi na kumwonya kwa upole. Kosa lenyewe lilikuja Ijumaa tarehe 18, kwa sababu kwetu ukishampa mtu pole siku ya kwanza huwezi kupotea, siku ya tatu unarudi kumwona, na Ephraim ambaye hangeweza kurudi kwa miguu Sunderland alikuwa ameinakili namba ya yule mama kwenye kiganja, akampigia kwa simu yake mwenyewe, siku yake ya mapumziko, kumwuliza tu ameamkaje. Namba za watu wale zilitolewa kwa siri na zilipaswa kubaki siri, kampuni haikukosea kitu, na mimi siwezi kumpaka kaka yangu chokaa kwa kuwa amelala hapa mbele yetu. Alivunja kanuni akijua anaivunja.

Hakuna ambaye angejua, isipokuwa Bi Audrey mwenyewe, kwa moyo mwema kabisa, alipiga simu London kumsifu yule bwana wa Kenya aliyemkumbuka hata Ijumaa. London wakauliza Riyadh, Riyadh wakatazama, simu ya Ijumaa haipo kwenye orodha. Morgan alimwita chemba karibu analia, akamwambia, "Ephraim, ungesema tu sorry usonge, sasa hii ya Friday nitaificha wapi?" Tarehe 11 Desemba 2022 aliachishwa kazi, halas, akapewa siku sitini atafute kafili mwingine, mwajiri wa kumdhamini, au arudi nyumbani.

Hakutaka kurudi akiwa amefukuzwa, nanyi mnajua alivyokuwa. Rafiki yake Wambua, mtu wa Mwingi, alimtafutia nafasi ya karani katika ofisi ya kutoa mizigo karibu na Bandari ya Jeddah, na tarehe 2 Februari 2023 akahamia Jeddah, akapanga chumba pamoja na Wambua mtaa wa Bani Malik, akawa anaandika nyaraka za makontena kutwa nzima, kazi isiyo na sauti ya mtu yeyote. Mimi nilifurahi kwamba sasa tuko mji mmoja. Nilipewa saa mbili za Ijumaa kila baada ya wiki mbili, tukakutana kwenye duka la chai la Wayemeni, lakini mara wageni, mara mtoto wa madam anaumwa, mara hakuna wa kunipeleka, hata katika miezi ishirini na mitano tulionana mara kumi na tisa, nimezihesabu.

Aliyekuwa akimpigia bila kukosa ni Bi Audrey, kila Jumapili, kwa WhatsApp aliyofundishwa na mjukuu wake. Shemeji Chebet aliposikia kuna mwanamke wa Uingereza anayemtafuta mumewe kila wiki, alinuna mwezi mzima, mpaka alipoambiwa umri wake, ndipo akacheka, na baada ya hapo akawa anatuma salamu. Walizungumza nini, watu wawili wasiowahi kuonana? Mambo yaleyale ya kwenye maswali, kodi ya halmashauri iliyopanda, mapipa ya taka yasiyochukuliwa, mbunge aliyeahidi na asiyeonekana, naye Ephraim akimlipia kwa habari za mheshimiwa wetu, na nadhani kila mmoja alimwonea mwenzake huruma kidogo.

Mwezi Agosti 2024 marehemu alianza kuvimba miguu, akasema ni viatu, na ilipofika Oktoba daktari akamwambia ni figo. Alisafishwa damu mara tatu kwa wiki katika hospitali moja ya Jeddah huku akiendelea na kazi siku zilizobaki, akakata shauri la kurudi nyumbani tarehe 30 Machi mwaka huu, lakini tarehe 3 Machi alizidiwa na kulazwa, akawekwa kitanda cha dirishani.

Sasa nafika mahali pa swali la mama.

Nilikuwa nimeomba ruhusa ya Jumatano tarehe 12 Machi, mchana, madam akakubali. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na asubuhi ya siku hiyo bosi alialika watu ishirini kufuturu. Madam akaja jikoni akaniambia, "Roselyne, leo hapana, bukra, inshallah, bukra unakwenda." Madam si mtu mbaya, alilia aliposikia, na ndiye aliyenipa ruhusa ya kumsindikiza kaka yangu mpaka hapa. Lakini mama, nataka ujue, mlango haukuwa na kufuli siku ile. Niliambiwa kesho, nikasema sawa, madam, simu yangu nikaiacha droo ya vijiko, nikaendelea kukunja sambusa. Ephraim alinipigia mara mbili, saa tisa kasoro dakika saba na saa tisa kasoro dakika tano. Wambua naye alikuwa bandarini mpaka jioni. Chebet alipigiwa pia, alikuwa shambani. Hilo ndilo nililolificha wiki tatu, kwamba alitutafuta akatukosa sote.

Saa tisa na dakika mbili alimpigia Bi Audrey, ingawa haikuwa Jumapili. Haya niliyasikia kwa yule mama mwenyewe, aliyepiga simu Jumapili iliyofuata nikaipokea mimi. Ephraim alimwambia amechoka, hana nguvu ya kusema, ila azungumze yeye tu, lolote, na asikate, kisha akamtania kwa lile swali lake la zamani, kutoka moja mpaka tano, wiki hii anawaamini kiasi gani? Bi Audrey akaanza kujibu, na kwa kuwa ni yeye, jibu lilikuwa refu. Alimsimulia kwamba halmashauri imepandisha kodi tena, kwamba taa za mtaa wao zimezimwa wiki ya pili, kwamba diwani alikuja mlangoni na vipeperushi akamwuliza habari ya taa akasema atafuatilia, kwamba maktaba inafungwa na hapo hapo wamepata fedha ya kupaka rangi jumba lao. Mwanzoni Ephraim alikuwa akiitikia, mm, mm, baadaye hakuitikia, yule mama akadhani amelala, na hakukata. Alisema alishakatiwa simu mara moja na hospitali, hangeweza yeye kumfanyia mtu mwingine hivyo, basi akaendelea, mashimo ya barabara, foleni za kumwona daktari, mpaka muuguzi aliyekuja kupima joto akamkuta kaka yangu ametulia, simu iko kwenye mto karibu na sikio, na ndani yake sauti ya kizee inaisema serikali ya Uingereza.

Muuguzi alimpa habari. Yule mama akauliza kama kuna ndugu aliyekwisha kufika, akaambiwa bado, akaomba simu iachwe palepale mpaka watakapokuja kumchukua, na yule dada Mfilipino, Mungu ambariki, akairudisha kwenye mto. Simu yenyewe niliyonayo inaonyesha ilidumu saa moja na dakika hamsini na mbili. Sijui alimwambia nini katika zile za mwisho, sikumwuliza, nikaona hayo ni yao.

Kwa hiyo, mama, umeniuliza alikuwa na nani. Hakuwa na mimi, na hilo nitaishi nalo. Lakini alikuwa na mtu, mtu anayemfahamu, anayemwita kwa jina, akimweleza mambo aliyopenda kuyasikia, na hakuachwa hata dakika moja. Karatasi ya langoni ilikosea idadi tu, mama.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, ofisi ya bandarini iliyogharimia safari yake ya mwisho, Wambua aliyezunguka na vyeti siku kumi na nne bila kuchoka, jamaa wa Bani Malik, Wakenya na Watanzania, Wakristo na Waislamu, waliokaa nasi chumbani kwa marehemu na kupika baada ya futari, wengine hata hawakuwa wakimjua, Morgan aliyetuma salamu zake kutoka Riyadh, na madam. Tunawashukuru majirani wa hapa mliolala nasi kwenye moto tangu Jumatatu. Na katika majirani namhesabu Bi Audrey wa Sunderland, ambaye mama amesema tangu leo aandikwe kwenye daftari la ukoo, na baba mdogo Protus amekubali, baada ya kuuliza kwanza ataandikwa upande gani.

Ephraim Barasa, mwana wa Makokha, baba Alvin, umepumzika, nasi tunakuacha katika amani ya Mungu, na leo mama alale.